Biashara moja, hesabu moja: kaunta na simu visipingane

Chukulia mwenye duka la jumla mjini Kahama, anayeuza sabuni na mafuta ya kupikia kwa wateja wa Tanzania, Rwanda na Burundi. Siku hizi ana madaftari mawili. La kwanza ni kompyuta ya kaunta, ambako karani wake hupiga ankara na kuhesabu mzigo. La pili ni ukurasa wa intaneti anaoufungua kwa simu akiwa Rusumo au Kabanga, akisubiri lori livuke. Kwake yeye huo ni mfumo mmoja. Aliununua kwa fundi mmoja, kwa jina moja, akalipa bei moja.

Mwisho wa mwezi kompyuta inampa jumla moja ya kodi, simu inampa nyingine. Tofauti si kubwa: shilingi mia tano hapa, elfu mbili kule. Karani anaapa kwamba hakugusa kitu. Fundi anasema mfumo hauna tatizo. Wakala wa forodha anauliza ni ankara ipi aipeleke. Na ofisa anayekagua ana swali moja tu: kwa nini biashara moja ina hesabu mbili?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yenye madaftari mawili yanayopingana nayo haiko salama. Lori linasimama, mteja wa ng'ambo ya mto anasubiri, na faini inaandikwa kwa jina la mwenye duka, si kwa jina la aliyeandika programu.

Mara nyingi chanzo cha balaa hili si wizi wala uzembe wa karani. Ni kwamba hesabu ileile imeandikwa mara mbili. Fundi aliandika programu ya kompyuta miaka kadhaa iliyopita kwa lugha moja ya programu. Baadaye wateja walipotaka kuona biashara yao kwenye simu, akaandika tovuti kwa lugha nyingine, akirudia kanuni zote za kodi, punguzo, vipimo na tarehe kwa kukumbuka au kwa kunakili. Tangu siku hiyo kuna vichwa viwili vinavyofikiri kuhusu ankara moja, na hakuna anayehakikisha kwamba vinafikiri sawa.

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wana kila sababu ya kuanza kudai kitu ambacho mafundi wenyewe wanakijua lakini hawakisemi mbele ya mteja: hesabu ya biashara iandikwe mara moja, iwekwe mahali pamoja, na itumiwe na kompyuta ya kaunta na tovuti vilevile.

Shilingi mia tano zinatoka wapi

Anayedhani hesabu ni hesabu, na kwamba mashine mbili haziwezi kutoa majibu mawili, atazame mfano huu. Kipande cha bidhaa kina bei ya shilingi 1,425 kabla ya kodi. Kodi ya ongezeko la thamani kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 ni shilingi 256 na nusu. Nusu shilingi hailipiki, kwa hiyo programu lazima iamue: ishushe hadi 256 au ipandishe hadi 257?

Hapo ndipo lugha za programu zinapotofautiana. Katika C#, lugha ya Microsoft inayotumiwa sana kwa programu za kompyuta za Windows, amri ya kawaida ya kuondoa nusu huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kwa hiyo 256 na nusu inakuwa 256. Katika JavaScript, lugha ya kurasa za intaneti, amri inayofanana nayo hupandisha nusu kila mara. Kwa hiyo inakuwa 257. Hakuna aliyekosea kwa mujibu wa kitabu cha lugha yake. Kila moja imefanya kama ilivyoandikiwa.

Sasa mteja ananunua vipande 500. Kama programu inahesabu kodi ya kipande kimoja kisha inazidisha, kaunta itasema 128,000 na simu itasema 128,500. Na kama mkaguzi atachukua jumla ya mauzo, shilingi 712,500, akapiga asilimia 18 moja kwa moja, atapata 128,250. Majibu matatu, mzigo mmoja. Shilingi mia tano zilizomfanya mwenye duka amtilie karani shaka hazikuibwa na mtu. Zilizaliwa ndani ya mashine.

Mambo huzidi pale mteja anaporudisha bidhaa. JavaScript ikipewa namba hasi yenye nusu huipandisha kuelekea sifuri: 256 na nusu ya kurudishwa inakuwa 256. Maana yake ni kwamba wakati wa kuuza tovuti ilitoza kodi ya 257, na wakati wa kupokea bidhaa iliyorudi ikarejesha 256. Shilingi moja imebaki hewani. Haba na haba hujaza kibaba, na katika duka la jumla kibaba hicho hujaa kwa shimo la hesabu.

Kuna na bei zenye sehemu. Kompyuta huhifadhi namba kwa mtindo wa sifuri na moja, na baadhi ya desimali haziingii sawasawa katika mtindo huo. Ukiiambia JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2, jibu lake si 0.3 kamili bali 0.30000000000000004. Kwa mwenye kuuza kwa vipande hilo ni kichekesho. Kwa mwenye kuuza dagaa, kahawa au madini kwa mizani, ni namba inayoweza kuangukia upande usiotakiwa wa mstari. Lugha nyingi zina namna maalumu ya kuhesabu fedha inayoepuka jambo hilo. Tatizo ni pale upande mmoja wa mfumo unapoitumia na mwingine hauitumii.

Mkato, nukta na saa

Mpakani kuna mitego ambayo fundi aliyefanya kazi maisha yake yote katika mji mmoja huenda asiifikirie.

Mtego wa kwanza ni alama. Kahama, Kampala na Nairobi, 1,500 ni elfu moja na mia tano. Bujumbura, Bukavu na Goma, ambako kompyuta nyingi zimewekwa kwa Kifaransa, mkato ni alama ya desimali, na 1,500 ni moja na nusu. Programu za kompyuta mara nyingi hufuata mpangilio wa lugha wa kompyuta yenyewe. Tovuti yaweza kufuata mpangilio wa seva, au wa kivinjari, au kanuni ambayo fundi aliiandika mwenyewe. Karani wa Bujumbura anaandika kilo 1,500 kwenye kaunta, programu inaweka kilo moja na nusu. Akiandika vivyo hivyo kwenye tovuti, inaweka tani moja na nusu. Tofauti hiyo si ya shilingi mia tano. Ni mzigo mzima.

Mtego wa pili ni saa. Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia saa moja. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko saa moja nyuma. Anayevuka daraja la Rusumo kwenda Rwanda anarudisha saa yake nyuma. Ankara iliyopigwa Ngara saa sita na nusu usiku wa kuamkia Julai 1 ni ya Julai kwa Tanzania, lakini ng'ambo ya mto bado ni saa tano na nusu usiku wa Juni 30. Seva nyingi za intaneti nazo hutunza saa ya Greenwich, iliyo nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu. Ikiwa kaunta inatumia saa ya duka na tovuti inatumia saa ya seva, ankara moja itakuwa na tarehe mbili.

Katika usiku mwingine wowote hilo lingekuwa jambo dogo. Lakini mwaka wa fedha wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda huanza Julai 1, na hapo ndipo viwango vya kodi na ushuru hubadilika. Julai 1, 2022 ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza kutumia ushuru wa pamoja wa forodha wenye ngazi nne: sifuri, asilimia 10, asilimia 25 na asilimia 35. Na kila mwaka wakati huohuo Gazeti la Jumuiya huchapisha orodha ya bidhaa ambazo nchi fulani imeruhusiwa kuzitoza tofauti na wenzake kwa muda. Kwa mfumo wenye hesabu iliyoandikwa mara mbili, kila badiliko linahitaji kurekebishwa mara mbili, usiku uleule, na fundi yuleyule aliyechoka. Akisahau upande mmoja, mfanyabiashara ndiye anayegundua, na mara nyingi anagundulia mpakani.

Maktaba ni nini, na kwa nini iwe moja

Mafundi huita suluhisho la jambo hili maktaba. Si maktaba ya vitabu. Ni fungu la msimbo lililotengwa, lenye kazi inayojulikana, ambalo programu nyingine huliita linapohitajika. Maktaba ya kodi hupokea bei, idadi, aina ya bidhaa, nchi ya mteja na tarehe, kisha hurudisha kodi. Haijui kama aliyeuliza ni kompyuta ya kaunta, tovuti au simu. Haijui rangi ya kitufe wala ukubwa wa kioo. Inajua hesabu tu.

Kwa lugha ya sokoni, ni kama mizani ya soko. Wauzaji ni wengi, meza ni nyingi, kila mmoja anapanga bidhaa zake anavyotaka. Lakini mzozo ukitokea, watu wanapelekana kwenye mizani moja. Mfumo wenye hesabu mbili ni soko lenye mizani mbili, na muuzaji haambiwi ipi ndiyo ya kweli.

Zipo njia kadhaa za kufika hapo, na zote hazilingani.

Njia ya kwanza ni kuweka hesabu kwenye seva, halafu kompyuta na tovuti zote ziwe zinaiuliza kupitia intaneti. Ni safi na rahisi kurekebisha. Udhaifu wake unajulikana na kila aliyewahi kusimama mpakani siku mtandao umekatika: kaunta nayo inasimama. Duka lisiloweza kupiga ankara bila intaneti ni duka linalofungwa na mtu mwingine.

Njia ya pili ni kuifanya programu ya kompyuta iwe tovuti iliyovishwa koti la programu. Chombo kinachoitwa Electron, kilichoanzia GitHub mwaka 2013, hufanya hivyo, na programu nyingi kubwa zinazotumika leo zimejengwa juu yake. Hesabu inakuwa moja kwa sababu msimbo ni mmoja. Gharama yake ni kwamba kila programu hubeba kivinjari kizima tumboni, jambo ambalo kompyuta kuukuu ya kaunta yenye kumbukumbu ndogo hulihisi.

Njia ya tatu ni kuandika maktaba mara moja kwa lugha moja, kisha kuiendesha pande zote mbili. Zamani hili lilikuwa gumu kwa sababu vivinjari vilielewa JavaScript tu. Mwaka 2017 vivinjari vikuu vilianza kukubali kitu kinachoitwa WebAssembly, na Desemba 2019 shirika la W3C linalosimamia kanuni za wavuti likakipitisha rasmi. Kwa njia hiyo, msimbo ulioandikwa kwa C++, C#, Rust na lugha nyingine unaweza kufanya kazi ndani ya kivinjari. AutoCAD, programu ya wachora ramani za majengo iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 kwa kompyuta za mezani, ilipelekwa kwenye wavuti mwaka 2018 kwa njia hii, ikitumia kiini kilekile kilichojengwa kwa miongo mingi. Wahandisi hawakuanza upya. Kama mchoro wa jengo unaweza kuhesabiwa na kiini kimoja kwenye mezani na kwenye kivinjari, ankara ya katoni za sabuni haiwezi kushindikana.

Njia ya nne ndiyo inayotumika zaidi na ndiyo mbaya kuliko zote: kunakili. Msimbo unachukuliwa kutoka upande mmoja na kubandikwa upande wa pili, kisha kila nakala inaendelea na maisha yake. Siku ya kwanza zinafanana. Baada ya mwaka zimekuwa ndugu wasiosalimiana.

Mawakala wa forodha wameshaliona hili

Kanda hii si ngeni katika mambo ya kushiriki programu. Uganda, Rwanda na Burundi zimetumia ASYCUDA World, mfumo wa forodha wa shirika la Umoja wa Mataifa la UNCTAD, na Kongo inautumia kwa jina la Kifaransa la Sydonia. Kenya ilianza mfumo wa Simba mwaka 2005 kwa msingi wa mfumo wa forodha wa Senegal. Tanzania ilijenga TANCIS kwa msingi uliotoka Korea Kusini. Kwa maneno mengine, serikali zenyewe zilikubali zamani kwamba si lazima kila nchi iandike upya hesabu ya forodha kutoka mwanzo.

Mawakala wa forodha wa siku nyingi wanakumbuka pia upande wa pili wa habari hiyo. ASYCUDA World imeandikwa kwa Java, lugha iliyotangazwa mwaka 1995 kwa ahadi kwamba programu ikiandikwa mara moja itaendeshwa popote. Wakala alifungua mfumo kupitia intaneti, lakini kilichofunguka kilikuwa programu kamili iliyohitaji Java ndani ya kompyuta yake. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2015 kivinjari cha Chrome kiliacha kukubali viongezo vya aina hiyo. Mwaka 2018 Oracle, mwenye Java, aliondoa kifaa cha kuzindua programu za Java kutoka kwenye wavuti katika toleo la 11. Ofisi nyingi duniani zilijikuta zikitunza kompyuta yenye toleo la zamani la Java kwa ajili ya kazi moja tu.

Yaliyowapata waliotegemea Silverlight ya Microsoft hayakuwa mbali na hayo. Ilitoka mwaka 2007, ikaahidi kushiriki msimbo kati ya Windows na kivinjari, na Oktoba 2021 ikafikia mwisho wa huduma zake.

Wapo wanaolichukua somo hili vibaya. Wanasema: mnaona, kushiriki msimbo kati ya mezani na wavuti ni ndoto, kila upande uandikiwe wake. Somo halisi ni jingine. Kilichokufa katika habari zote mbili ni nguo, yaani namna ya kufungua na kuonyesha programu. Hesabu ya ndani haikufa. Kodi ya asilimia 18 haikuacha kuwa asilimia 18 kwa sababu Chrome imebadilika. Aliyetenganisha hesabu na nguo alibadilisha nguo tu. Aliyezishona pamoja alilazimika kununua vyote upya, na gharama hiyo haikosi kumfikia mteja.

Hoja za wanaopinga

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya maktaba moja ni kwamba kosa moja linakuwa kosa la wote. Hoja hii ina ushahidi. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa maktaba yake ndogo ya JavaScript iitwayo left-pad, yenye mistari 11 tu, kutoka ghala la pamoja la npm, na miradi isiyohesabika duniani ikashindwa kujengwa siku hiyo. Desemba 2021 ufa wa usalama ulipatikana katika Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo, na mashirika makubwa kwa madogo yakakesha yakitafuta ni wapi wanaitumia.

Lakini tazama kilichofuata. Ufa wa Log4j ulizibwa mahali pamoja, na kila aliyechukua toleo jipya akapona. Laiti kila shirika lingekuwa na nakala yake iliyobadilishwa kidogo kidogo, pasingekuwa na ufa mmoja wa kuziba. Zingekuwapo nyufa elfu, na nyingi zisingejulikana hadi leo. Kosa la pamoja huonekana mapema na hurekebishwa kwa wote. Kosa la nakala hujificha. Dawa ya hatari hii ni fundi kutunza nakala ya kila maktaba anayoitegemea, kuandika ni toleo gani anatumia, na kutobadilisha toleo bila kulijaribu.

Hoja ya pili ni ya usalama. Msimbo unaopelekwa kwenye kivinjari unaweza kusomwa na hata kuchezewa na mwenye kivinjari. Kwa hiyo, wanasema, hesabu isipelekwe huko. Ni kweli kwamba seva haipaswi kuamini jumla iliyoletwa na kivinjari. Ni lazima iihesabu tena. Lakini hiyo ni sababu ya ziada ya kuwa na maktaba moja. Seva ikihesabu kwa kanuni moja na kivinjari kwa nyingine, itakuwa inakataa ankara halali za wateja waaminifu.

Hoja ya tatu ni fedha. Fundi mdogo wa Arusha au Mbarara hana muda wa kuvunja programu yake ya zamani na kutoa hesabu nje. Hapa pana ukweli, na hakuna anayemtaka afanye yote kwa siku moja. Aanze na kodi. Kisha kuondoa nusu na senti. Kisha vipimo, tarehe na sarafu. Mengine yaliyobaki hayana haja ya kuwa ya pamoja: skrini ya kaunta yenye kibodi na kioo cha simu ni vitu tofauti, mashine ya kuchapa risiti haipo kwenye simu, na namna ya kutunza ankara mtandao unapokatika ni kazi ya kila upande. Anayelazimisha hata hivyo viwe kimoja ataumiza pande zote mbili.

Maswali ya kumuuliza muuza mfumo

Mfanyabiashara hahitaji kujua C# wala JavaScript ili ajikinge. Anahitaji maswali matatu kabla ya kulipa.

La kwanza: kiwango cha kodi kikibadilika Julai, utarekebisha sehemu ngapi? Jibu zuri ni moja. Anayejibu "kwenye kompyuta, kisha kwenye tovuti, kisha kwenye simu" amekiri kwamba anauza mizani tatu.

La pili: mtandao ukikatika, kaunta itahesabu kwa kanuni ileile ya tovuti, au ina ya kwake?

La tatu: jumla za kaunta na tovuti zikipingana, nani anagharimia? Hili liandikwe kwenye mkataba, kwa siku na kwa kiasi.

Baada ya maswali, lipo jaribio ambalo halihitaji mtaalamu. Mnunuzi achukue ankara kumi na kuziingiza zote kwenye kaunta na kwenye tovuti. Iwemo ya bei inayoacha nusu shilingi, kama ile 1,425. Iwemo ya kilo zenye desimali, iliyoandikwa kwa mkato na kwa nukta. Iwemo yenye punguzo, na ya bidhaa iliyorudishwa. Iwemo ya mteja wa nje ya nchi, ambaye mauzo yake hutozwa asilimia sifuri kwa masharti ya kuthibitisha kwamba mzigo umetoka. Iwemo ya sarafu ya nchi jirani. Iwemo ya saa sita na nusu usiku wa kuamkia Julai 1. Kama ankara zote kumi zinalingana hadi shilingi ya mwisho, mnunuzi atoe fedha. Kama moja inatofautiana, asikubali kuambiwa kwamba ni kitu kidogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mamlaka za mapato nazo zina deni

Lawama zote hazimwangukii fundi. Mamlaka za mapato za kanda zimeingiza risiti za kielektroniki kwa nguvu na kwa haraka. Tanzania ilianza na mashine za EFD mwaka 2010. Rwanda ilifuata na EBM mwaka 2013. Uganda ikaanza kulazimisha EFRIS Januari 2021. Kenya ikaleta eTIMS mwaka 2023, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kirahisi katika hesabu ya kodi ya mapato.

Karibu zote zimefungua milango kadhaa. Kenya ina programu ya kompyuta, ina ukurasa wa intaneti, ina huduma ya simu ya kubonyeza *222#, na ina njia ya kuunganisha mfumo wa mfanyabiashara moja kwa moja na wa mamlaka. Nia ni nzuri: mkubwa na mdogo kila mmoja apate mlango wake. Lakini nyuma ya mlango wa mwisho, ule wa kuunganisha mifumo, kila kampuni ya programu inasoma maelekezo na kuandika hesabu yake. Sheria ni moja, wasomaji ni mamia, na kila mmoja anaielewa kwa namna yake.

Serikali inayotoa sheria kwa maneno inaweza pia kuitoa kwa msimbo. Mamlaka ichapishe maktaba ndogo ya kukokotoa kodi, wazi kwa kila mtu, inayofanya kazi kwenye kompyuta, kwenye seva na kwenye kivinjari. Pamoja nayo ichapishe ankara za mfano na majibu yake sahihi: bei hii, idadi hii, tarehe hii, kodi ni hii. Mfumo wowote usiotoa majibu hayo usipewe idhini. Ghali si kuandika maktaba hiyo. Ghali ni kuendelea kuwatoza faini watu waliokosewa na programu.

Kwa Jumuiya, hatua inayofuata iko wazi. Ushuru wa pamoja wa forodha tayari ni wa pamoja kwa jina. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, tayari ni cha pamoja. Mama anayevusha mahindi au nyanya kwa cheti hicho hana wakala wala mhasibu. Anahitaji kujua kabla ya kutoka nyumbani kama mzigo wake, kwa kiwango cha leo cha kubadilisha fedha, uko chini ya kikomo. Maktaba moja ya Jumuiya yenye ngazi za ushuru, orodha ya bidhaa na kikomo hicho ingeweza kukaa ndani ya simu yake, ndani ya kompyuta ya ofisa wa Mutukula na ndani ya tovuti ya mamlaka za nchi zote mbili. Wote watatu wangeona namba moja.

Leo ofisa na mfanyabiashara wanaweza kubishana juu ya jibu kwa sababu kila mmoja ana mashine yake. Kituo cha mpaka cha pamoja kimewaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja ili lori lisimame mara moja badala ya mbili. Kazi iliyobaki ni kufanya vivyo hivyo na hesabu zilizo ndani ya mashine zao. Mpaka utakapofika wakati huo, mwenye duka wa Kahama aanze na la kwake: Jumatatu asubuhi amwite fundi, akae naye mbele ya kaunta akiwa na simu mkononi, na wapige pamoja ankara ya vipande 500 kwa shilingi 1,425.